Beit el-Ajaib: Jumba la Unguja na Mabega ya Manyema

   

Leo, wasikilizaji wapenzi, kwa idhini yenu, nataka tuzungumze habari za jumba moja la kifalme, lililojengwa mjini, kando ya bandari, mahali ambapo kila jahazi na kila merikebu iingiayo haina budi kuliona kabla ya kutia nanga. Jumba hilo liko Unguja, nalo huitwa Beit el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Najua wapo kati yenu watakaouliza, nao wana haki ya kuuliza: sisi watu wa Kivu, tuliozaliwa kwenye vilima vya migomba na mihogo, tuna nini na kasri la masultani wa baharini? Swali hilo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti. Nitalijibu, lakini msinitake nilijibu kwa pupa, kwa maana jibu lake lapitia mlangoni mwa jumba lenyewe, na kwanza ni lazima tuingie.

Tangu zamani wafalme wamezifanya nyumba zao ziwasemee. Katika Bushi, huku kwetu Kivu, wazee wetu walimjengea mwami, yaani mfalme, nyumba ya mianzi, matete na majani, na fahari ya nyumba ile haikuwa katika kudumu kwake, kwa sababu matete huoza na majani huliwa na mvua, ilikuwa katika wingi wa mikono iliyokusanyika kuijenga upya kila ilipochakaa. Mgeni aliyewaona watu wote wale wakiwa juu ya paa moja alifahamu, bila ya kuambiwa neno, kwamba amefika kwa mtu mkubwa.

Ulaya nako, katika karne ya kumi na saba na ya kumi na nane, ulienea mtindo wa ujenzi uitwao baroki, mtindo usiopenda ukuta mtupu, unaopinda pale ambapo mstari ulionyooka ungetosha, na unaompangia mgeni safari yake tangu lango hadi ukumbi ili kila hatua aingiwe na taadhima zaidi kuliko hatua iliyotangulia. Nitawapeni mfano mmoja tu. Mjini Vienna, katika njia nyembamba iitwayo Himmelpfortgasse, liko jumba la majira ya baridi la Prinsi Eugene wa Savoy, mzaliwa wa Paris mwaka 1663, ambaye alipokataliwa utumishi katika jeshi la mfalme wa Ufaransa alikwenda kumtumikia Kaisari wa huko Vienna, na kwa ushindi wake juu ya Waturuki akapata cheo, na pamoja na cheo akapata mali ya kujengea. Alimwajiri mjenzi Johann Bernhard Fischer von Erlach, na baada yake Johann Lucas von Hildebrandt. Njia ile ni nyembamba mno hata mtu hawezi kurudi nyuma kiasi cha kutosha akauona uso wa jumba kwa ukamilifu. Kwa hiyo mjenzi aliiweka ajabu yake ndani, kwenye ngazi. Mwenye kupanda ngazi ile hukuta majitu ya mawe, wanaume wenye misuli iliyokaza, yameinamisha vichwa na kuitwaa ngazi mabegani, kana kwamba yakiondoka hayo, jumba zima litaporomoka.

Nawaomba, wasikilizaji, myaweke majitu hayo akilini. Nitayahitaji baadaye.

Sasa twende Unguja. Sayyid Barghash bin Said alikikalia kiti cha usultani wa Zanzibar mwaka 1870. Miaka kumi na moja kabla ya hapo alikuwa amejaribu kumpindua ndugu yake Sayyid Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay kama mtu wa kuwekwa mbali. Na mimi naona kwamba Waingereza waliompeleka huko, wakidhani wamemwadhibu, walimpeleka shule. Bombay ya siku hizo ilikuwa bandari yenye maji ya bomba, yenye majengo ya serikali ya ghorofa nyingi, mji wa mali na wa haraka. Barghash aliyaona hayo yote kwa macho ya kijana anayengojea zamu yake. Alipotawala, aliwaletea watu wa mji wa Unguja maji ya chemchemi kwa mabomba, wakaacha kutegemea visima vilivyokuwa vikileta maradhi, akajenga hamamu pale ambapo hadi leo huitwa Hamamni, akajenga kasri la Marhubi na kasri la Chukwani, akanunua merikebu, na mwaka 1875 akasafiri mwenyewe hadi London. Ni mtawala yuyo huyo aliyelazimishwa na Waingereza, mwaka 1873, kutia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja.

Mwaka 1883 jumba lake kubwa likakamilika. Halikuwa nyumba ya kulala. Ya kulala alikuwa nayo jirani. Lilikuwa jumba la sherehe, la kupokelea mabalozi, wafanyabiashara na manahodha wa manowari. Alilisimamisha mkabala wa bahari, ubavuni mwa Ngome Kongwe, penye kiwanja ambacho husemekana hapo zamani kilikuwa na nyumba ya Mwana Fatuma, malkia wa Unguja katika karne ya kumi na saba.

Nalo limejengwaje? Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye utamu. Nyumba za mawe za pwani hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni mti wa sifa nyingi: mchwa huuogopa, na chumvi haiuli; lakini ina mpaka wake, kwani haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila ya kupinda, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za pwani, hata za matajiri, aghalabu ni virefu na vyembamba kama ushoroba. Mwenye nyumba alitawala kila kitu isipokuwa upana wa chumba chake. Upana huo ulitawaliwa na mti.

Barghash hakutaka kutawaliwa na mti. Katika jumba lake, pamoja na matumbawe na boriti, alitia chuma. Nguzo za chuma cha kusubu, nyembamba na ndefu, zililizunguka jumba pande zote, zikibeba varanda pana, ghorofa juu ya ghorofa, kiasi kwamba ulipolitazama toka baharini uliona kwanza kivuli, kisha nguzo, na ukuta wenyewe uliuona mwisho kabisa, umejificha nyuma kwenye ubaridi. Hilo ni jambo la akili, si la urembo mtupu, kwa maana katika nchi ya joto varanda huuweka ukuta mbali na jua na kuuachia upepo wa bahari upite. Na kwa kuwa chuma kilichukua uzito, dari ziliweza kupandishwa juu sana kuliko zilivyozoewa.

Ndani kuna ua mkubwa ulioezekwa juu, uliozungukwa na roshani katika kila ghorofa, hata mtu aliyesimama chini katikati huhisi kwamba anatazamwa kutoka kila upande. Na nadhani hivyo ndivyo mwenyewe alivyotaka wageni wake wahisi. Sakafu zilitandikwa marumaru iliyoletwa toka Ulaya. Milango ni ya mbao nzito zilizochongwa, na baadhi yake imeandikwa aya za Kurani kwa herufi zilizopakwa dhahabu, kwa mkono wa mchongaji aliyejua kwamba herufi ya Kiarabu ni nakshi tosha isiyohitaji maua. Baadaye jumba hilo likawa la kwanza Unguja kuwa na taa za umeme, na la kwanza katika Afrika ya Mashariki kuwa na lifti, na kwa watu wa mji maajabu hayo mawili yalitosha kulithibitishia jina lake.

Kulikuwa pia na vivuko vya juu, ambavyo watu wa pwani huviita wikio, vilivyoliunganisha jumba hili na majumba mawili ya jirani, Beit el-Hukm na Beit el-Sahil, ili mabibi wa nyumba ya sultani wapite kutoka jumba hadi jumba pasipo kuonekana na watu wa njiani. Na mbele ya mlango mkuu ikawekwa mizinga miwili ya shaba nyeusi, kazi ya Wareno ya karne ya kumi na sita, ambayo Waajemi waliiteka Hormuz mwaka 1622 walipowafukuza Wareno huko, na hatimaye ikaja kuwa mikononi mwa Waarabu wa Omani. Mzinga ulioporwa, ukaporwa tena, kisha ukawekwa mlangoni kama pambo: sijui kama mchongaji yeyote wa Vienna angeweza kuchonga kitu chenye majivuno zaidi ya hayo.

Wale wanaowatembeza wageni hupenda kusimulia kwamba mlango mkuu ulifanywa mpana hivyo ili sultani aweze kuingia akiwa juu ya tembo. Wageni hucheka, nao hupiga picha. Mimi sitabishana na hadithi tamu. Ila nasema hivi: tembo waliingia kweli katika jumba lile, maelfu ya tembo, lakini hawakuingia kwa miguu yao. Waliingia wakiwa mabegani mwa watu.

Na hapa, wasikilizaji wapenzi, ndipo tunapolifikia lile swali. Nalikariri: sisi tuna nini na jumba la Unguja?

Jiulizeni marumaru ile ililipwa na nini. Chuma kile, dhahabu ile ya milangoni, merikebu zile, vililipwa na nini? Kisiwa kile ni kidogo. Kilikuwa na karafuu, ni kweli, lakini mwaka 1872 tufani kubwa ilipita Unguja, ikaangusha mikarafuu iliyochukua miaka mingi kukua na kuzizamisha hata merikebu za sultani bandarini. Kilikuwa na biashara ya watumwa, nayo, kama nilivyosema, ikapigwa marufuku baharini mwaka uliofuata. Kilichobaki kikiingia forodhani bila kukoma, na kulipiwa ushuru kwa kila frasila, ni pembe za ndovu. Na katika miaka hiyo ndovu wa karibu na pwani walikuwa wamekwisha kumalizwa. Wafanyabiashara walikuwa wamepita Tabora, wamepita Ujiji, wamevuka Ziwa Tanganyika, wamefika Manyema, katika misitu iliyo upande wetu huu wa ziwa. Nyangwe na Kasongo, miji tunayoijua sisi hapa kama majirani, ndiyo iliyokuwa ghala za jumba lile.

Njia kuu ya misafara haikupita Bushi, hilo nalisema wazi ili mtu asinisute. Ilipita kusini kwetu. Lakini Manyema si mbali, na Kiswahili hiki ninachosema nanyi sasa hivi kilikwea kutoka pwani kwa njia ile ile, kikakaa Kasongo, kikajifunza tabia ya huku, kisha kikapanda hadi Bukavu pamoja na askari, makarani na wachuuzi.

Nani asiyelijua jina la Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip? Mzaliwa wa Unguja, aliingia bara mwaka 1870, mwaka ule ule ambao Barghash alitawazwa, na hakurudi pwani hadi mwaka 1882, akiwa na shehena ya pembe iliyowashangaza hata watu waliozoea kuona pembe. Mwaka mmoja baadaye jumba likakamilika. Sisemi kwamba shehena ile moja ndiyo iliyonunua nguzo zile. Nasema kwamba mito miwili hiyo, wa pembe na wa fahari, ilikuwa maji ya chemchemi moja.

Hebu tumtazame mtu mmoja katika msafara ule, kwa karibu. Mbele kabisa anatembea kirangozi, kiongozi wa msafara, na bendera yake. Nyuma yake wanakuja wabeba pembe, watu wa heshima katika msafara, kwa kuwa mzigo wao ndio ghali kupita yote. Pembe ya kiasi hubebwa na mtu mmoja begani, nayo ina ubaya wake, kwamba haikunjiki wala haigawanyiki, na kwa kuwa imepinda, uzito wake hauwi mahali pamoja, huhamahama kila mguu unapoteleza. Kwenye ncha yake hufungwa njuga, ili mlio wake umpe mtu mwendo na kuwajulisha wanakijiji kwamba msafara waja. Na upande wa nyuma mpagazi hufunga mali yake mwenyewe, mkeka, chungu, kibuyu cha maji. Pembe kubwa kupita kiasi huchukuliwa na wawili, kwa mzegazega, mti ukiwa begani kwa huyu na begani kwa yule, na mmoja akijikwaa huanguka wote wawili. Wengine kati yao walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, waliojisifu kwa kazi hiyo na kuifanya alama ya utu uzima. Na wengine walikuwa watumwa, watu wa Manyema waliochukuliwa katika vijiji vilivyochomwa, ambao walibeba pembe hadi pwani na wao wenyewe wakauzwa huko pamoja nayo. Msafiri Livingstone alikuwa Nyangwe mwezi wa Julai mwaka 1871 watu wa wafanyabiashara walipowafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni, na habari aliyoiandika ndiyo iliyosaidia kuwakasirisha Waingereza hata wakamshurutisha Barghash kulifunga soko.

Na pembe zile zilikwenda wapi, baada ya kulipiwa ushuru mbele ya jumba? Zilikwenda Ulaya, India na Marekani, zikakatwa vichanuo, mipini ya visu, mipira ya biliadi, na vibao vyeupe vya piano ambavyo mabinti wa watu wenye nafasi walivigusa kwa vidole ukumbini, pasipo kusikia njuga.

Mtu wa kwetu Luhwindja, kule Mwenga, ambaye milima yake ya Twangiza ina dhahabu tumboni, hana haja ya kuelezwa mara mbili jinsi mali inavyoweza kuzaliwa mahali pamoja na kung'aa mahali pengine. Kwa hiyo naomba turudi kwa yale majitu ya mawe ya Vienna. Mjenzi wa Prinsi Eugene alikuwa na unyofu mmoja, labda bila ya kukusudia: aliwaonyesha wabebaji. Aliwaweka kwenye ngazi, mbele ya macho, ili kila apandaye ajue kwamba juu ya kichwa chake kuna fahari na chini ya fahari hiyo kuna bega la mtu. Barghash hakuweka majitu. Nguzo zake za chuma ni laini, nyembamba, hazina uso wala misuli, nazo husimama kana kwamba hazibebi kitu. Mimi nazipenda, siwafichi. Ni nzuri kuliko majitu. Lakini katika uzuri wake huo wa kutochoka, mpagazi wa Manyema hayumo.

Sasa, je, jumba lilimsaidia Barghash mwenyewe? Sikilizeni. Miaka miwili tu baada ya kukamilika, mwezi wa Agosti mwaka 1885, manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele yake, zikalielekezea mizinga, hata Barghash akalazimika kuukubali utawala wa Wajerumani katika nchi za bara alizozihesabu kuwa zake. Jumba lililojengwa ili manahodha walitazame kwa mshangao, sasa lilitazamwa kwa shabaha. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani walikaa wakaigawanya nchi, wakamwachia sultani visiwa na ukanda mwembamba wa pwani. Tippu Tip, katika habari za maisha yake alizozisimulia mwenyewe kwa Kiswahili, aeleza jinsi alivyokuja kumwona sultani wake wakati huo, na jinsi Barghash alivyomfahamisha kwamba hana tena la kufanya kuhusu bara, kwa kuwa hata kisiwa chenyewe chatakwa na Wazungu. Mwaka 1887, pale pale Unguja, Tippu Tip alikubali kupitia kwa msafiri Stanley kuwa liwali wa Stanley Falls, tunapopaita leo Kisangani, kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Hivyo ndivyo, wasikilizaji, nchi yetu hii ilivyozungumzwa na kupangwa kivulini mwa jumba lile na sisi hatupo. Barghash alifariki mwezi wa Machi mwaka 1888, na miaka miwili baadaye Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza.

Halafu ikaja asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla yake, na Khalid, mwana wa Barghash, akaingia jumbani akajitangaza sultani bila ya ridhaa ya Waingereza. Wakampa muda hadi saa tatu asubuhi ashushe bendera. Hakushusha. Dakika mbili baada ya saa tatu manowari zikafyatua, na kabla ya saa nne vita vilikuwa vimekwisha. Watu wapatao mia tano upande wa Khalid walikuwa wameuawa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Beit el-Hukm liliharibiwa lisitengenezeke, Beit el-Sahil likapigwa vibaya, na mnara wa taa uliokuwa umesimama mbele ya Beit el-Ajaib ukabomolewa. Lakini Beit el-Ajaib lenyewe, kwa ajabu iliyostahili jina lake, lilisimama. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Wajerumani, akavushwa Dar es Salaam, akaja kutekwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akapelekwa uhamishoni mbali, na mwisho akafia Mombasa mwaka 1927.

Walipolitengeneza jumba, mwaka 1897, wakauweka mnara wenye saa katikati ya uso wake, na huo ndio mnara ambao watu wengi wanaujua kwa picha. Sultani Hamud, aliyewekwa na Waingereza, alikaa humo hadi kufa kwake mwaka 1902. Mwaka 1911 likawa ofisi za serikali ya kikoloni. Na mtanisamehe nikitabasamu, kwa maana jumba la Prinsi Eugene nalo lilinunuliwa na Maria Theresa mwaka 1752, na tangu 1848 likawa la wizara ya fedha. Inaonekana fahari, ikizeeka, hupewa meza na faili. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Beit el-Ajaib likawa mahali pa mafunzo ya siasa ya chama cha Afro-Shirazi, na baadaye kabisa likawa nyumba ya makumbusho ya historia na utamaduni wa Waswahili, ambamo uani paliwekwa mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba pasipo msumari, kilichoundwa upya na mafundi wa siku hizi. Mji Mkongwe wote uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000.

Kuwemo katika orodha, hata hivyo, hakuzuii mvua. Mawe ya matumbawe hunywa maji. Chokaa ikikosa kupakwa upya, maji huingia. Maji yakiingia, boriti huoza na chuma hula kutu, na chuma chenye kutu huvimba na kulipasua jiwe lililokikumbatia. Ndiyo kusema kwamba kile kile kilichompa Barghash dari zake ndefu ndicho kilichoanza kumpasulia kuta. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka, jumba likafungwa. Mwaka 2020, siku ya Krismasi, mafundi wakiwa kazini kulitengeneza, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha.

Tangu hapo liko swali ambalo wajuzi wa majengo wanalo, nami naona hata sisi tusio wajuzi tunaweza kulichangia. Mnara ulioanguka haukuwa wa Barghash. Uso wa jumba la 1883 haukuwa na mnara. Mnara uliletwa na vita na matengenezo yaliyofuata. Je, mwenye kulijenga upya alirudishie jumba sura aliyoitaka Barghash, au sura ambayo watu waliizoea kwa zaidi ya miaka mia moja? Rai yangu ni kwamba mnara urudi. Haukuwa mzuri sana, kusema kweli. Uliikatiza safu ya varanda pale ambapo macho yangependa kuendelea. Lakini ni kovu la asubuhi ile ya 1896, na anayelitazama jumba bila kovu hilo atadhani kwamba masultani waliondoka humo kwa hiari.

Na kama ningepewa nafasi ya kuomba jambo moja zaidi kwa watakaoyapanga tena makumbusho, ningeomba uani, karibu na mtepe, iwekwe pembe moja na njuga yake, mkeka na kibuyu vikiwa vimefungwa nyuma, na mti wa mzegazega uliolainika kwa jasho, pamoja na majina ya miji: Nyangwe, Kasongo, Ujiji, Tabora, Bagamoyo. Chumba kimoja chatosha. Mtepe umeonyesha jinsi mali ilivyotoka pwani kwa bahari. Hicho kingeonyesha jinsi ilivyofika pwani.

Muda niliopewa umekwisha, na fundi wa mitambo ananitazama kwa jicho ambalo nalijua. Wasikilizaji wapenzi, kama yuko kwenu mzee, baba au mama, aliyetoka upande wa Kasongo au wa Kabambare, ambaye aliwahi kusimuliwa na babu yake habari za misafara, za mtu aliyebeba au za mtu aliyejificha msituni aliposikia njuga, mketini naye, myaandike maneno yake kama alivyoyasema, bila ya kuyatengeneza, kisha mtuletee hapa redioni. Tutayasoma.